Mtoi Analia Usiku Kucha? Soma Hii Kabla Hujakimbilia Mvuje

Saa mbili usiku Tiwi, mtoi wa wiki tano ameanza tena. Ngumi zimefungwa, magoti yamepanda hadi tumboni, na kila mtu kwa keja ana ushauri. Nyanya anasema ni chango. Jirani anasema ni jicho la watu. Baba mtoto anacheki simu. Mamii, tulia kwanza: mara nyingi hapo hakuna ugonjwa.

Madaktari wana kipimo cha tangu 1954, cha Mmarekani Morris Wessel. Mtoto mwenye afya, ananyonya na anaongeza kilo, lakini analia zaidi ya saa 3 kwa siku, zaidi ya siku 3 kwa wiki, kwa zaidi ya wiki 3. Hiyo ndiyo koliki. Huanza wiki ya 2 au ya 3, hupamba moto karibu wiki ya 6, na akifika miezi 3 au 4 wengi wametulia. Gesi nayo mara nyingi inaletwa na kilio chenyewe, maana mtoi akipiga nduru anameza hewa.

Kumtoa hewa ni kazi ya mkono. Mweke begani, tumbo lake likigusa kifua chako, umpapase mgongo kutoka chini kwenda juu. Ama mkalishe pajani ameinama kidogo mbele, ukishika kidevu, si koo. Dakika chache zinatosha, asipobeua achana naye. Baadaye mlaze chali umkunje miguu kama anaendesha baiskeli, au umsugue tumbo polepole kwa kufuata mshale wa saa. Ukimlaza kifudifudi mapajani mwako sawa, lakini kulala usingizi ni chali tu.

Angalia pia anavyonyonya. Mdomo ushike sehemu kubwa ya ile duara nyeusi, si chuchu pekee. Na kwa mamathe wa hoteli za Diani: likizo ya uzazi kisheria ni miezi 3, so wengi wanarudi job wakiacha chupa na dada. Mwambie ainamishe chupa hadi chuchu yake ijae maziwa, isibaki na hewa.

Sasa dawa. Gripe water ilitengenezwa na William Woodward kule Nottingham, Uingereza, mwaka 1851, na kwa miaka mingi ilikuwa na pombe ndani. Haishangazi watoto walinyamaza! Siku hizi nyingi hazina, lakini ushahidi kwamba zinatibu koliki ni mdogo sana. Mvuje kumfunga mkononi ni mila, harufu tu ndiyo utavumilia. Kumnywesha ndiyo ngori. Chini ya miezi 6 ni maziwa ya mama peke yake, hata maji ya bizari hapana. Asali usimpe kabla ya mwaka 1, inaweza kubeba vijidudu vya sumu inayolegeza misuli hadi ya kupumua.

Lakini kuna kilio ambacho si koliki. Akitapika kijani, choo kikiwa na damu, tumbo likiwa gumu na limevimba, kinena kikitoa uvimbe, akikataa kunyonya au akilegea, usingoje asubuhi. Homa ya 38 kwenda juu kwa mtoto wa chini ya miezi 3 ni dharura pia. Anza na kituo cha afya kilicho karibu, au shika gari moja kwa moja hadi hospitali ya rufaa ya Msambweni. Na uwaambie kila kitu alichonyweshwa, hata kama nyanya atakasirika.

Na ukiona hasira imekupanda saa nane usiku, usimtikise. Ubongo wake unaweza kuvuja damu. Mlaze chali mahali salama, toka nje dakika 10 upate upepo, halafu mwamshe baba mtoto. Zamu yake imefika.