Klopidogreli: tofauti za mwitikio wa wagonjwa

Klopidogreli ni dawa inayozuia chembe sahani za damu zisishikamane. Iliidhinishwa Marekani mwaka 1997, na hutolewa, mara nyingi pamoja na aspirini, kwa waliowekewa stenti au waliopata mshtuko wa moyo.

Chanzo

Dawa hii haifanyi kazi mpaka ini liibadilishe. Takriban asilimia 85 ya kiasi kinachofyonzwa huvunjwa na kupotea bure. Kinachosalia hupita hatua mbili, zote zikihusisha kimeng'enya CYP2C19, ndipo kipatikane kiini kinachoilemaza chembe sahani kwa maisha yake yote, yaani siku 7 hadi 10. Aliyerithi nakala mbovu za jeni ya kimeng'enya hicho kwa wazazi wote wawili hupata kiini kidogo mno, na mwaka 2010 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo kali kuhusu wagonjwa hao. Omeprazoli, dawa ya tumbo, hukidhoofisha kimeng'enya hicho hicho.

Majaribio

Jaribio la GRAVITAS (2011) liliwapa wagonjwa wenye mwitikio hafifu miligramu 150 badala ya 75. Hakukuwa na nafuu: waliopata madhara makubwa walikuwa asilimia 2.3 kila upande. Wengi walihitimisha kwamba kupima mwitikio ni kazi bure. Hitimisho hilo lilikuwa la haraka, kwa kuwa kilichoshindwa ni tiba, si kipimo. Ini lisiloweza kuibadilisha dawa halisaidiwi sana kwa kuongezewa dawa ile ile. CHANCE-2 (2021), nchini China, ilichukua wagonjwa 6412 wa kiharusi kidogo au cha muda mfupi wenye nakala mbovu ya jeni ya CYP2C19 na kuwapa nusu yao tikagrelori, isiyotegemea CYP2C19. Kiharusi kilirudi kwa asilimia 6.0, dhidi ya 7.6 waliobaki na klopidogreli. Ni kweli kwamba jaribio la TAILOR-PCI (2020), la kuchagua dawa kwa kipimo cha jeni, lilikosa uhakika wa kitakwimu, asilimia 4.0 ya madhara dhidi ya 5.9, lakini lilipangwa kunasa upungufu wa nusu nzima, ambao ni matarajio makubwa kupita kiasi. Pingamizi zito zaidi ni damu: katika CHANCE-2 tikagrelori iliongeza utokaji wa damu kwa jumla, asilimia 5.3 dhidi ya 2.5, ingawa ule mkubwa haukuzidi. Kwa hiyo kumbadilishia dawa kila mgonjwa bila kupima ni kuwaongezea hatari wale ambao klopidogreli inawatosha.

Matumizi

Kipimo cha jeni bado hakifanywi kwa kawaida katika hospitali nyingi.