Safu ya Lugha: Kushirikishwa si Kuarifiwa

Mkulima wa kahawa wa Igamba, wilayani Mbozi, hahitaji kamusi kujua maana ya ushirika. Mwanachama wa chama cha msingi ana haki ya kuhoji hesabu, kupiga kura na kudai malipo yake. Kushirikisha ni ndugu wa neno hilo. Maneno yote mawili yanatoka kwenye Kiarabu, yakibeba maana ya kuwa na fungu pamoja na mwenzako.

Ndiyo maana inaumiza kusoma kwamba wananchi "wameshirikishwa" katika hifadhi ya msitu, kumbe waliitwa mkutanoni kuonyeshwa mpaka uliokwisha kuchorwa. Huko ni kuarifiwa. Wakipewa vibarua vya kufyeka mpaka huo, wamehusishwa, basi. Kushirikishwa kunadai sauti katika uamuzi na sehemu ya mapato.

Msitu wa Duru-Haitemba, Babati, ni mfano mzuri wa wananchi kuwa na sauti hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilikusudia kuufanya msitu huo hifadhi yake. Wanavijiji walipinga, wakaachiwa waulinde wenyewe kwa sheria ndogo na walinzi wao.

Sheria ya Misitu ya Tanzania ya 2002 inatenganisha mambo mawili ambayo magazeti huyaita yote "shirikishi". Katika usimamizi wa pamoja, kijiji huingia makubaliano na mwenye msitu, mara nyingi serikali. Hapo neno linafaa. Katika msitu wa hifadhi wa kijiji, kijiji ndicho mwenye mali. Hapo anayeshirikishwa ni ofisa misitu.