Kicheko Kilichohifadhiwa: I Love Lucy na Uhai Mrefu wa Vichekesho vya Televisheni

Vichekesho vya mfululizo, yaani michezo mifupi inayowarejesha wahusika wale wale katika makazi yale yale kila wiki ili wakabiliane na kisa kipya, ni fani iliyolelewa na redio kabla ya kuhamia televisheni, na watazamaji wa Afrika Mashariki wanaifahamu vyema kupitia Vitimbi, mchezo wa Kenya uliowapa umaarufu Mzee Ojwang na Mama Kayai. Miongoni mwa kazi za mwanzo za fani hii, I Love Lucy, mchezo ulioonyeshwa na shirika la CBS nchini Marekani kuanzia tarehe 15 Oktoba 1951 hadi 1957, una nafasi ya pekee. Mvuto wake usiofifia huelezwa mara nyingi kwa kipaji cha Lucille Ball peke yake. Maelezo hayo ni ya haki, lakini hayatoshi.

Lucille Ball alikuwa akiigiza redioni katika My Favorite Husband, na CBS ilipomtaka ahamie televisheni alishikilia kwamba nafasi ya mume ichukuliwe na mume wake halisi, Desi Arnaz, mwanamuziki mzaliwa wa Santiago de Cuba, ingawa wakuu wa shirika walitilia shaka kama watazamaji wangemkubali. Mvutano wa pili ulihusu mahali. Michezo mingi ilirushwa moja kwa moja kutoka New York, na watazamaji wa mbali walionyeshwa kineskopu, yaani nakala hafifu iliyopatikana kwa kuipiga picha skrini ya televisheni kwa kamera ya filamu. Wanandoa hao, ambao hawakutaka kuihama California, walipendekeza mchezo upigwe kwenye filamu ya milimita 35, ile ile iliyotumiwa na sinema. Na kwa kuwa gharama yake ilikuwa kubwa zaidi, walikubali kupunguziwa malipo, huku kampuni yao, Desilu, ikibaki na umiliki wa filamu hizo. Makubaliano hayo, ambayo wakati ule yalionekana kuwa jambo dogo la kihasibu, ndiyo yaliyoamua hatima ya mchezo.

Kazi ya picha alikabidhiwa Karl Freund, aliyekuwa miongoni mwa wapigapicha wa Metropolis, filamu ya Kijerumani ya 1927. Alisambaza mwanga sawasawa jukwaani ili kamera tatu zifanye kazi kwa wakati mmoja mbele ya hadhira iliyoketi studioni, na kwa njia hiyo mwigizaji aliweza kusikia kicheko na kuupima mwendo wake kwa kukifuata. Faida yake inaonekana wazi katika kipindi cha Septemba 1952, ambamo Lucy na rafiki yake Ethel, aliyeigizwa na Vivian Vance, wanafungasha chokoleti zinazopita mbele yao juu ya mkanda wa kiwandani. Mkanda unapozidi kasi, wanazijaza chokoleti mdomoni, kofiani na kifuani ili msimamizi asizione. Hofu ya kibarua mbele ya mashine isiyomsubiri inaeleweka bila tafsiri, na uso wa Lucille Ball unaibeba yote pasipo neno.

Mwigizaji huyo alipokuwa mjamzito, ujauzito wake uliingizwa katika hadithi, na kipindi cha kujifungua cha tarehe 19 Januari 1953 kilitazamwa na watu wapatao milioni 44, wengi kuliko waliotazama kuapishwa kwa Rais Eisenhower siku iliyofuata. Vipindi vya zamani vilirudiwa ili Lucille Ball apate nafasi ya kupumzika, jambo lililowezekana kwa sababu filamu safi zilikuwapo. Marudio hayo yakaonyesha kwamba kichekesho kilichokwisha kutazamwa bado kina wateja.

Nchini Uingereza, BBC ilifuata njia nyingine kwa miaka mingi: kanda za video zilikuwa ghali, nafasi ya kurudia vipindi ilikuwa finyu, na nyingi zilifutwa ili zirekodiwe upya. Hata Dad's Army, kichekesho kuhusu askari wa akiba wa Vita Kuu ya Pili kinachopendwa hadi leo, bado kina vipindi vitatu vya msimu wake wa pili, wa 1969, ambavyo picha zake hazijapatikana.