John W. Thompson

John Wendell Thompson (alizaliwa Fort Dix, New Jersey, 24 Aprili 1949) ni mfanyabiashara wa Marekani. Aliongoza kampuni ya Symantec, iliyojulikana zaidi kwa programu za Norton za kukinga kompyuta dhidi ya virusi, kuanzia mwaka 1999 hadi 2009. Alikuwa miongoni mwa Wamarekani weusi wachache sana waliopata kuwa mkurugenzi mtendaji wa kampuni kubwa ya teknolojia.

Maisha na kazi ya awali

Baba yake alikuwa mfanyakazi wa posta na mama yake mwalimu. Alikulia West Palm Beach, Florida, wakati shule za jimbo hilo zikiwa bado zimetenganishwa kwa rangi. Mwaka 1971 alihitimu Chuo Kikuu cha Florida A&M, chuo kilichoanzishwa kwa ajili ya wanafunzi weusi, akaajiriwa na IBM katika idara ya mauzo. Alidumu huko miaka 28, hata akasimamia biashara yake katika bara la Amerika. Katikati ya kazi hiyo alisomea shahada ya uzamili MIT (1983).

Symantec

Alipofika, Symantec ilikuwa ikiuza programu za aina nyingi zisizohusiana. Thompson aliziondoa zile zisizogusa usalama na kugeukia makampuni na taasisi, ambazo hulipa zaidi kuliko mtu mmoja mwenye kompyuta nyumbani. Ununuzi wa Axent mwaka 2000 uliipatia kampuni programu za kuzuia wavamizi wasiingie katika mitandao ya ofisi. Katika miaka yake 10, mapato ya mwaka yalipanda kutoka takriban dola milioni 600 hadi bilioni 6.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilitokana na kuungana na Veritas mwaka 2005, kwa hisa zenye thamani ya takriban dola bilioni 13.5. Thompson alishikilia kwamba kulinda data na kuihifadhi ni kazi moja, kwa kuwa mteja hupata hasara ileile, data ikiibwa au diski ikiharibika. Hoja ilikuwa na mantiki, lakini wanahisa wengi hawakuridhika, na kampuni hizo mbili hazikuwahi kushikamana vizuri. Mwaka 2016, wakati yeye ameshaondoka, Veritas iliuzwa kwa bei isiyofika dola bilioni 8.

Microsoft

Microsoft ilipoanza kutengeneza kinga yake ya virusi, ikawa mshindani wa Symantec. Mwaka 2006 Symantec iliishtaki mahakamani kwa madai ya kutumia vibaya teknolojia ya Veritas. Kesi ilimalizwa kwa makubaliano mwaka 2008. Miaka minne baadaye Thompson aliingia katika bodi ya Microsoft yenyewe. Ndiye aliyeongoza kazi ya kumtafuta mrithi wa Steve Ballmer, iliyoishia kwa kuchaguliwa Satya Nadella mnamo Februari 2014. Siku hiyohiyo Thompson alipokea uenyekiti wa bodi kutoka kwa Bill Gates, akaushika hadi mwaka 2021, Nadella alipouchukua.