Kiungo Kidogo Ndani ya Redio

Redio ya susu ilikufa mikononi mwangu, hapa Kwa Vonza. Ilikuwa inakoroma kwa chini tu. Nikaifungua, nikaona kapasita moja imevimba, nikaing'oa na kuunganisha waya moja kwa moja. Si umeme ni umeme tu? Nilipowasha, sauti ilitoka imepasuka, transista ikashika moto wa kuunguza kidole, kisha kimya.

Historia tunayosimuliwa ni ya vitu vikubwa. Redio ilianza Nairobi mwaka wa 1928, ikiwalenga hasa walowezi. Transista ikazaliwa Bell Labs, Marekani, Desemba 1947, ikachukua nafasi ya valvu zilizokula umeme mwingi. Ndiyo iliyowezesha kijiji kisicho na stima kusikiliza Sauti ya Kenya kwa betri chache. Sawa. Lakini transista moja haitoshi. Mawimbi yanayofika kwenye erio ni hafifu mno, lazima yakuzwe hatua baada ya hatua mpaka yasukume spika. Na kila hatua ina volti yake ya kutulia. Ukiziunganisha ovyo, volti ya hatua ya kwanza inaimwagikia ya pili na kuivuruga.

Mafundi wa enzi ya valvu walilijua hilo. Waliweka kapasita katikati: inazuia volti hiyo ya kutulia, inapitisha mtikisiko wa sauti. Transista ikaleta shida nyingine. Upande wake wa kutoa una ukinzani mkubwa, upande wa kupokea wa inayofuata una mdogo, kwa hivyo nguvu zinapotea njiani. Ndiyo maana redio za kwanza za mfukoni, kama Regency TR-1 ya 1954 yenye transista nne tu, zilitegemea transfoma ndogo kati ya hatua. Transista ziliposhuka bei, watengenezaji wengi walirudia kapasita: hasara ya njiani ikafidiwa kwa kuongeza transista nyingine.

Kumbe ile niliyoing'oa ndiyo ilikuwa mlinzi wa mlango.

Fundi wa sokoni alibadilisha kapasita na transista, redio ikaongea tena. Lakini siku zile za kimya, tangazo la mazishi ya rafiki ya susu lilisomwa kwa Kikamba na likapita. Alilisikia kwa watu, mazishi yakiwa yamekwisha. Hakunigombeza. Siku hizi nikishika bisibisi, ananiuliza tu: "Hii unajua inaunganisha nini na nini?"