Vilima Visivyo na Miti vya Katanga

Njiani kutoka Likasi kwenda Kolwezi, kusini mwa Kongo, kuna vilima ambavyo msitu wa miombo hukomea miguuni pake. Juu huota majani tu na maua madogo, kwa kuwa udongo umejaa shaba, nayo ikizidi ni sumu kwa miti. Wahunzi wa kale waliijua alama hiyo. Walichimba jiwe la kijani, wakaliyeyusha kwa makaa na mivuo, wakapata mukuba, shaba yenyewe, wakaimimina katika kalibu za umbo la msalaba. Misalaba hiyo imefukuliwa makaburini Sanga, karibu na Ziwa Kisale.

Shaba hiyo ilifikaje hapo? Zaidi ya miaka milioni 800 iliyopita, ardhi hapa ilivutwa ikapasuka, pakafanyika bonde, na bahari ya kina kifupi ikaingia. Mchanga, matope na chokaa vilituama tabaka juu ya tabaka. Maji yalipokaushwa na jua yaliacha chumvi, na kwangu mimi chumvi hiyo ndiyo kiini cha kisa chote. Maji makali ya chumvi yalipenya miamba, yakachukua shaba na kobalti, yakatembea nazo hadi yalipokuta matabaka meusi yenye mabaki ya viumbe vya bahari. Hapo madini yakaganda. Miaka kama milioni 550 iliyopita, mabamba ya kale ya Kongo na Kalahari yaligongana, bonde likakunjwa kama mkeka. Chumvi, kwa ulaini wake, iliteleza. Matabaka yaliyokuwa juu yake yakakatika vipande, vingine vikubwa kama kilima kizima. Mvua na hewa vikaigeuza shaba ya karibu na uso kuwa ya kijani.

Baadaye sana, katika karne ya 19, Msiri, Mnyamwezi aliyetoka upande wa Tanzania ya leo, alijenga dola yake Bunkeya juu ya biashara ya shaba, pembe na watumwa. Aliuawa Desemba 1891. Mwaka uliofuata mwanajiolojia Mbelgiji Jules Cornet alichunguza miamba ya Katanga, na mwaka 1906 ikaundwa kampuni ya uchimbaji madini ya Union Minière. Kutoka Shinkolobwe, katika miamba hiyohiyo, ilitoka sehemu kubwa ya urani ya mabomu ya atomiki ya Marekani ya 1945.

Siku hizi, pamoja na shaba, inasakwa sana kobalti ya betri. Vilima kadhaa vimekwisha kuwa mashimo. Baadhi ya maua yale hayaoti porini kwingine kokote duniani, na kilima kinaposagwa huondoka nacho.