Uhadhiri wa Kicheki Mjini London na Safari ya Nadharia ya Fasihi

Aghalabu wahakiki huijadili nadharia ya fasihi kana kwamba haina kwao. Historia ya taaluma za Kislavi nchini Uingereza yadhihirisha kinyume: nadharia husafiri na watu, na safari za watu zina wagharamiaji.

Skuli ya Taaluma za Kislavi ilianzishwa mwaka 1915 katika Chuo cha King's, London, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa vimepamba moto. Mhadhara wa uzinduzi ulitolewa na Tomáš Masaryk, profesa aliyekuwa uhamishoni, naye akautumia kutetea haki za mataifa madogo ya Ulaya. Mwaka 1918 akawa rais wa kwanza wa Chekoslovakia. Tangu mwanzo, basi, taaluma hiyo ilikuwa na siasa ndani yake.

Ushirikiano huo ulizaa nafasi ya uhadhiri wa Kicheki iliyogharimiwa na serikali ya Prague. Mwaka 1935 nafasi hiyo ilishikwa na René Wellek, mmoja wa wanachama wa Duru ya Isimu ya Prague iliyoasisiwa mwaka 1926. Kila upande ulifaidika: Prague ilipata sauti ugenini, nayo London ikapata mwalimu aliyeyafahamu vyema mawazo ya wanafomalisti wa Kirusi. Lakini majeshi ya Ujerumani yalipoingia Prague mwezi Machi 1939, mshahara ulikatika. Mwaka huo huo Wellek akahamia Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani.

Mwenzake wa awali katika Skuli hiyo, D. S. Mirsky, aliyefundisha fasihi ya Kirusi tangu mwaka 1922, alifuata njia nyingine. Mwaka 1932 alirejea Muungano wa Kisovieti. Akakamatwa mwaka 1937. Wellek alipokuwa akianza upya Iowa mwaka 1939, Mirsky alifariki kambini.

Mwaka 1949 Wellek na Austin Warren walichapisha *Theory of Literature*, kitabu ambacho wanafunzi wa fasihi wa Afrika Mashariki nao wamekisoma. Humo uchunguzi wa nje, yaani wa wasifu, jamii na saikolojia, unatengwa na uchunguzi wa ndani wa mtindo, mahadhi na muundo. Huu wa pili ndio unaopewa kipaumbele. Kinaya ni dhahiri: kitabu kinachoitanguliza kazi yenyewe kilitokana na safari iliyolazimishwa na mambo ya nje kabisa ya fasihi.

Kinaya hicho hakibatilishi nadharia, kwani hoja haipimwi kwa pasi ya kusafiria ya mtoaji wake. Kinachobatilika ni dai kwamba nadharia haina historia. Aidha, vyuo vinavyotia saini mikataba ya ushirikiano vina funzo hapa: uhadhiri unaotegemea hazina ya dola moja huanguka pamoja na dola hiyo. Mawazo ya Prague yalinusurika kwa sababu aliyeyabeba alipata mlango mwingine, Mirsky hakuupata.